Kabla ya Kufunika Mtumbwi

Nilipokuwa bado sijafika hata darasa la tatu, kwetu Kirushya hakuna aliyesogelea mtumbwi, gogo lililochongwa la kutengenezea pombe ya ndizi, akiwa na kinyongo. Babu aliamini pombe inasikia. Mwenye hasira akinyamaza, alisema, itachacha, tena itachacha mbele ya wageni.

Kwa hiyo ndizi zikishakanyagwa na mtama wa kukaanga ukishanyunyizwa, kila mtu alisema lililo moyoni kabla mtumbwi haujafunikwa kwa majani ya mgomba. Kucheka marufuku. Hata mtoto aliulizwa, na kwa hilo najivunia ukoo wetu mpaka leo, maana kwa majirani mtoto alikuwa wa kutumwa maji tu.

Siku ninayoikumbuka, pombe ilikuwa ya harusi ya shangazi Adela. Wakwe walikuwa wanatoka Nyakisasa, na pombe chachu ingekuwa aibu ya nyumba nzima. Baba mdogo alilalamikia mbuzi wa kaka yake walioingia kwenye maharage. Shangazi akasema hana neno. Ikawa zamu yangu.

“Na wewe, mchumba?” Babu akaniuliza, kwa utani wake wa kila siku kwa mjukuu wa kike.

“Sina kitu.”

Akaweka majani chini. “Basi tutangoja.”

Nyuki wakaanza kujaa kwenye mtumbwi. Bibi akaguna. Mimi nikang'ang'ania kimya changu mpaka kikanishinda.

“Namchukia shangazi!”

Hakuna aliyenikemea. Babu akauliza taratibu, “Hasira hiyo imezaliwa na nini?”

Nikafikiri. “Anaondoka. Mimi nitalala na nani?” Nikaangua kilio.

“Kumbe ni huzuni,” Babu akasema. “Sasa tunalijua jina lake.”

Hapo shangazi naye akaanza kulia. “Baba, nilidanganya. Mume nampenda, lakini kule ugenini naogopa.”

Bibi akamkumbatia, akaamua papo hapo kwamba nitamsindikiza bibi harusi na kukaa naye siku za mwanzo. Ndipo Babu akafunika. Pombe ilitoka safi, wakwe wakaimaliza, na mimi nikaenda Nyakisasa kifua mbele, mlinzi wa shangazi yangu.

Siku hizi nafundisha chekechea Biharamulo. Tunaitwa kwenye semina za kuwafunza watoto kutambua hisia zao, nami nakaa nyuma nikitabasamu. Kama pombe inasikia kweli, sijui. Najua Babu alinisikia.

Juzi jioni nilikuwa napika maharage. Mwanangu Elia, niliyekwisha kumsimulia kisa cha mtumbwi, na ambaye tangu mdogo wake azaliwe amekuwa akivunjavunja vitu, akaja akanishika kanga.

“Mama, usifunike kwanza. Nina hasira.” Akatafuta neno. “Hapana. Nina wivu. Mtoto unambeba yeye tu.”

Nilijisikia fahari. Nikabaki na mfuniko mkononi, nikangoja amalize.