Dereva Aliyekataa Kupita

Vijana wa Bariadi wa siku hizi wakibishana, wanabishana mpira. Sisi tulibishana madereva. Na sisemi madereva wa mabasi, maana dereva wa basi abiria wenyewe humpangia mwendo. Nasema madereva wa malori ya pamba, wakati ule serikali ilipofungua soko, chama cha ushirika kikabaki kinashangaa, na kila mwenye lori na mzani akaruhusiwa kununua. Bariadi ilikuwa haijawa makao makuu ya mkoa, bado tuko chini ya Shinyanga. Barabara ni vumbi tupu wakati wa kiangazi, na kiangazi ndio msimu wa pamba.

Tulikaa kwa fundi wa pancha, karibu na geti la kinu cha kuchambulia pamba, juu ya matairi yaliyokufa. Tunatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tunaangalia malori yanavyoingia. Swali letu lilikuwa moja na halikuchoka: tangu gari la kwanza lifike huku Usukumani, dereva mkubwa kuliko wote ni nani?

Kila mtu alikuwa na wake. Kulikuwa na marehemu mmoja wa ushirika ambaye gia za mbele zilimkatikia Maswa, akarudi kinyumenyume mpaka Bariadi na mzigo wote. Fundi wa pancha akauliza nani alimwona. Tukasema watu walimwona. Akasema watu gani, wataje. Hakuna aliyewataja. Ndivyo ulivyokuwa ubishi wetu, ukileta dereva unatakiwa ulete na shahidi, na shahidi naye anatiliwa shaka.

Karani wa kinu alikuwa na televisheni, ya kwanza kuiona mimi kwa macho yangu, na kanda ya mashindano ya magari ya Amerika. Magari ya kawaida tu, ya nyumbani, ila yamepakwa rangi kama yamevaa kwa ajili ya sherehe, yanazunguka uwanja mmoja mduara mmoja, kama mbwa anayetafuta pa kulala. Karani alituita tukaangalie ili tujue, kwa maneno yake, madereva wa kweli. Majina yao hatukuyashika, tukayaita magari kwa rangi za ng'ombe: lile la madoa, lile jekundu lenye baka jeupe ubavuni. Jekundu likashinda. Fundi akataka kujua mganga wake ni nani. Mimi nikasema hawa hawahesabiki, hawajabeba kitu na hakuna hata mmoja anayejua anakokwenda. Karani alikasirika, hakutuita tena. Nasikia kanda yenyewe iliibiwa baadaye, na alitushuku sisi.

Lakini fundi hakuuliza mganga kwa mzaha. Sisi watu wa huku, tukiona mtu anashinda, hatuulizi amefanyaje, tunauliza amepata wapi. Ni ngoma zilizotufundisha. Baada ya mavuno pande mbili hucheza uwanja mmoja kutwa nzima, kila upande unavuta watazamaji, na kila upande una mganga wake. Ukikosa watazamaji, haisemwi umecheza vibaya. Inasemwa dawa ya wenzako ilikuwa kali. Na soko huria lilituzidishia. Mnunuzi alituambia tumetia mchanga na maji kwenye pamba. Sisi tulimwambia mzani wake umelala. Na mara nyingi, niseme ukweli, wote tulikuwa sahihi.

Dereva wangu mimi alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Alianza na ushirika, akazeeka nao, hajawahi kulaza lori. Hakuwa na haraka. Fundi alisema huyo si dereva, huyo ni mchungaji.

Dereva wa fundi alikuwa kijana mmoja aliyekuja na kampuni mpya, ametokea upande wa Maswa. Mwembamba, mpole, anasalimia kila mtu, "Mwangaluka, baba," halafu basi, hana neno lingine. Upole huo ndio ulionitia wasiwasi. Malori yakitoka kijijini pamoja, lake ndilo linaingia kwanza kwenye kinu, kila mara, na chini ya bampa ya mbele lilifungwa kitambaa cheusi. Fundi alisema ni cha kufutia oili. Oili gani inafutwa chini ya bampa?

Sasa elewa kwa nini mimi kitambaa kile kilininyima usingizi. Yule kijana alikuwa ametuma mshenga kwangu. Alimtaka binti yangu wa kwanza. Mshenga nilimpa maji, nikampa kiti, nikamjibu: nitaangalia. Wenzangu kwenye matairi walikuwa wanajifurahisha. Mimi nilikuwa natafuta jibu. Kama anashinda kwa mkono wake, vizuri, atalisha watoto. Kama anashinda kwa dawa, dawa ina masharti, na masharti hayalipwi na mwenye dawa. Yanalipwa na wa nyumbani mwake, mke au mtoto. Hilo tulilijua hata sisi tunaokwenda kanisani, na padri alijua kuwa tunalijua.

Nikaanza kuangalia. Lori lake likipita karibu na kwangu anapiga honi. Mbuzi wanageuka, kuku wanakimbia, binti yangu anaendelea kusugua sufuria kama hajasikia. Mtu asiyegeuka kwa honi inayogeuza mbuzi, huyo honi anaijua. Nilimwambia mke wangu. Akasema nimezidi kukaa kwa fundi wa pancha.

Basi ikatokea siku moja lori la shemeji na lori la kijana yamepangiwa kupakia Kiloleli, siku moja, na kuleta kinu kimoja. Fundi akasema leo ubishi unakufa. Makondakta wa mabasi wakapeleka habari huko, kwa hiyo madereva wenyewe walijua. Mke wangu naye alikuwa hukohuko Kiloleli, kwenye msiba wa mama yake mdogo, lakini huo mimi niliuona ni msiba tu, sikuuchanganya na mambo ya malori.

Tulikaa tangu asubuhi. Watu waliongezeka mpaka matairi yakawa hayatoshi. Mimi kwa mdomo nilisema shemeji atashinda. Moyoni nilikuwa namwangalia kijana: akishindwa, nitajua kumbe hushindwa kama watu. Jua lilipoanza kuegemea tukaona vumbi upande wa barabara kuu. Mtu mmoja akasema ni ng'ombe. Fundi akasema ng'ombe gani hao wanaokuja kwa gia ya tatu.

Lori la shemeji likaingia la kwanza. Taratibu vilevile, kama mtu anayerudi shambani. Na nyuma yake, karibu mno, karibu kugusa, likaingia la kijana. Jeupe lote kwa vumbi. Kioo amekifuta sehemu ndogo ya kuchungulia tu, na yeye mwenyewe kope na nywele nyeupe, utadhani ametoka mashine ya kusaga.

Watu wa shemeji wakapiga vigelegele. Fundi akamwendea kijana dirishani, na hakumsalimia.

"Mtu ameshika mkia wa mwenzake toka Kiloleli," alisema. "Umekula vumbi hilo lote umeshiba? Au umelipwa?"

Kijana akafuta uso kwa mkono, akasema barabara ilikuwa mbaya. Fundi akamwuliza kama ilikuwa mbaya kwake peke yake.

Shemeji naye akateremka, na badala ya kufurahi alikuwa amekunja uso. Akanivuta pembeni. Akasema kule mbugani barabara ni pana, alisogea, akatoa mkono dirishani, pita. Kijana hakupita. Darajani shemeji alisimama kabisa. Kijana naye akasimama nyuma yake. "Shemeji, sijui alikuwa ananitegea nini," aliniambia. "Nimeendesha siku nzima naangalia nyuma kama mwizi."

Mimi kichwani nikaanza kupanga. Labda masharti ya dawa yanamkataza kupita siku fulani. Labda kampuni imemkataza. Labda ameambiwa kwamba huyu mzee ni mjomba wa binti, basi anajipendekeza. Nilikuwa bado napanga, mara mlango wa abiria wa lori la shemeji ukafunguliwa, na mke wangu akateremka na mzigo wake wa msibani. Kaka yake alikuwa amempa lifti. Alijifunga kitenge cha rangi ya mtama ulioiva, ambacho sikukinunua mimi.

Hapo yule kijana, katikati ya matusi ya watu, akaruka chini kwa mlango wa pili, akaenda mbio akajificha nyuma ya lundo la mbegu za pamba. Watu wakacheka, wakasema amekimbia aibu. Mimi sikucheka. Niliona alivyokimbia. Hakukimbia watu. Alizunguka ili mke wangu asimwone uso, akasubiri kule nyuma, kichwa chini, mpaka mama wa watu alipotoka getini.

Asiye wa huku nimweleze. Kwetu mama mkwe huwi naye uso kwa uso. Ukikutana naye njiani, unaacha njia, unaingia kwenye majani mpaka apite. Humpiti, humtangulii, humtimulii vumbi. Sasa mtu mwenye lori lililojaa pamba ataingia kwenye majani gani? Anabaki nyuma. Anabaki nyuma toka Kiloleli, anakula vumbi, anatukanwa na fundi wa pancha mbele ya mji mzima, na sababu hawezi kuisema, maana kuisema ni kumtaja mkwe.

Lakini mkwe nani? Mimi mshenga nilikuwa nimemwambia nitaangalia. Sijatoa jibu, sijapokea kitu. Kijana hafanyi ukwe na hewa.

Nyumbani nilisubiri mke wangu aweke mzigo, anywe maji. Nikamwuliza habari za msiba, akanipa. Nikamwuliza habari za kaka yake, akanipa. Halafu nikasema, "Yule dereva amekukimbia leo."

"Dereva gani?"

"Mama watoto, mtu hukimbia mama mkwe wake. Umekuwa mkwe wake tangu lini?"

Alikikaza kitenge kiunoni. Hakuona haya hata kidogo. "Tangu masika," alisema. "Mwanao anamtaka, mimi nimemwona, nimepokea. Wewe ulikuwa unabishana madereva."

Nikauliza na kile kitambaa cheusi. Akasema muulize mwenyewe, yeye hakupokea bampa. Nikauliza kama binti ana jambo tumboni. Akaniangalia mpaka nikatamani swali langu lirudi.

Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa namshuku kila mtu wa nyumba yangu, hata mbwa, maana mbwa yule hakuwahi kumbwekea kijana. Nikajaribu na kushuku heshima yenyewe. Mtu anaweza kuigiza heshima. Lakini anaigiza ili aonwe, na huyu kule barabarani alikuwa anaonwa na nani? Mke wangu alikuwa mbele, anaangalia mbele. Shemeji hakujua kitu. Na mwenye dawa ya kushinda, nilijiambia, dawa haimruhusu kushindwa kwa ajili ya mwanamke mzee aliyetoka msibani. Nilizunguka kila upande nikitafuta tundu, sikulipata. Bado nilitafuta mpaka majogoo.

Mshenga aliporudi nilimwambia walete ng'ombe. Wakaleta. Niliwakagua mmoja mmoja, meno na kwato, na mmoja nikamrudisha.

Sasa lililofuata sikulitazamia. Kijana akawa mkwe wangu na mimi, si wa mke wangu tu. Na kwenye matairi yale kulikuwa na maneno ambayo mkwe hawezi kuyasikia mbele ya baba mkwe. Kwa hiyo akinikuta nimekaa pale, hasimami. Anapitiliza na tairi lake bovu mpaka kwa fundi mwingine, kule stendi. Mara ya kwanza fundi alifikiri hajaona. Baadaye akanigeukia.

"Mzee mwenzangu, wewe toka mwanzo hukumpenda kijana wangu," alisema. "Sasa umeoza mtoto kusudi umfukuze hapa."

Nikamwambia hakuna baba anayeoza mtoto kwa sababu ya pancha. Akasema kwa wewe, hashangai. Na kuhusu nani dereva mkubwa kuliko wote, akasema nisifungue mdomo tena, maana wote wawili sasa ni watu wangu na ushahidi wangu umeshalishwa ng'ombe.

Basi msimu wa pamba ukija, nikisikia ile honi inatoka mbali, nilikuwa nachukua michembe yangu nasimama, naenda kukaa upande wa pili wa ukuta wa kinu. Kutoka kule nilikuwa nawasikia wanabishana, na kijana yupo katikati yao, wanacheka. Walichokuwa wanacheka sikukijua. Nilikuwa na wasiwasi ni mimi.