Vespa Yangu na Hukumu ya Mama

Mimi ni mchoraji hina, na maharusi wangu wengi wako shamba, kwa hiyo nilinunua vespa kuukuu pale Mlandege. Jamani, niliipenda! Siku za mwanzo ilikwenda bila neno. Halafu ikaanza kukohoa, kutoa moshi mweusi na kuzima popote inapotaka, hata mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, wanaume ndio kwanza wanatoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama yangu, ninayekaa naye Mji Mkongwe, hakuitaka tangu siku ya kwanza. Asubuhi moja akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Kesho una bibi harusi Matemwe. Dude hili likikuzimia tena njiani, nnaliuza chuma chakavu. Nshachoka kukaa roho juu!"

Na Mama akisema atauza, huuza. Aliwahi kuuza kabati nguo zangu zimo ndani.

Nikakunja mikono ya nguo, nikatandika gazeti kichochoroni, nikafungua kifuniko cha ubavuni. Plagi nikaikuta nyeusi tii, imelowa petroli. Hapo nikajua: ama mafuta yanazidi, ama hewa haitoshi. Wanaume wa barazani nao wakajigeuza mafundi.

"Petroli ina maji hiyo!"

"Kabureta imekufa, tafuta nyingine!"

Nikawaambia wanywe kahawa yao waniache, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumiliki baiskeli.

Nikaifungua kabureta. Vitundu vya kupitishia petroli nikavipuliza kimoja kimoja, nikavitazama kwenye mwanga: safi. Nikafunga, nikapiga kiki. Ikawaka, ikakohoa, ikazima. Wallahi nilitaka kulia. Sasa kama petroli inapita sawa, hewa inazuiwa wapi? Nikaifuata njia ya hewa kurudi nyuma mpaka kwenye mpira unaoivuta kutoka chini ya kiti. Nikauchomoa, nikaingiza vidole.

Nikatoa asumini. Asumini kavu, majani ya mrehani, na uzi. Nikavuta tena, yakaja mengine. Vikuba! Vile vishada vya maua tunavyojipachika kwenye nguo tunukie, vimejazana kwenye koo la vespa yangu! Baraza zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Mama akachungulia dirishani. "Kuna nini huko?"

Nikamwinulia mkono uliojaa maua. Yeye hakucheka. Akashuka ngazi, akanisimamia.

"Mimi ndiye niliyevitia chini ya kiti," akasema kwa sauti ndogo. "Kila ukitaka kutoka, kipya. Nnavisomea dua, urudi salama."

"Mama! Ndivyo vilivyokuwa vinanizimishia vespa njiani!"

Akajishika mdomo. "Toba, Yarabi!" Kisha kicheko kikamtoka, akanikumbatia na mikono yangu ile ile ya grisi, na mimi nikampenda Mama yangu siku ile mpaka kifua kikanijaa. Nikarudisha mpira, nikapiga kiki mara moja tu. Ikaunguruma safi, wanaume wa barazani wakapiga makofi.

Kesho yake nikiwa naufunga mkoba wa hina, Mama akatoka na buibui lake, akapanda nyuma yangu bila kuniuliza.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Matemwe. Dua nnakwenda nayo mwenyewe."

Akanishika kiuno, akanisomea sikioni njia nzima.