Kigelegele Kilichonaswa na Pedali

Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi ndiye aliyeniambia ukweli kuhusu muziki wangu.

Kila Jumamosi mchana nilikuwa napiga gitaa kwenye mgahawa mmoja wa Gungu, peke yangu, pedali ya kurudia sauti ikiwa chini ya mguu. Ukiikanyaga inanasa unachopiga. Ukiikanyaga tena inakirudia yenyewe, nawe unaongeza kingine juu yake. Nagonga ubao wa gitaa, tayari nina ngoma. Naweka besi, naweka nyuzi nyembamba, naweka sauti yangu. Mwanamke mmoja, bendi nzima! Nilijiona bingwa.

Jumamosi moja mama yule alinikuta nikipumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaanza vizuri sana. Lakini nimeagiza samaki wa mgebuka, nimesubiri, nimekula, nimenawa, na wewe bado uko palepale."

Nilicheka, ila iliniingia. Alisema kweli: nilijua kujaza tu. Nikisharundika sauti sita, nilikosa pa kwenda, nikabaki kuzunguka humo humo.

Kabla sijajitetea akaniambia binti yake anaolewa Mwandiga baada ya wiki mbili. "Uje upige. Ila usituzungushe."

Wiki hizo mbili nilijifungia chumbani kwangu Ujiji nikijifunza kutoa. Naondoa besi, naiacha ngoma peke yake. Nasimamisha vyote, navuta pumzi mbili, naingia na mwendo mwingine. Nilishangaa: sauti moja ikiondoka, zilizobaki zinasikika kama mpya. Majirani walianza kuchungulia dirishani kuuliza nimepata wenzangu lini.

Siku ya harusi nilikuwa ndiyo kwanza nanasa mapigo ya mwanzo, mama akapita mbele yangu na wanawake wa kwao, familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo zamani, akaachia kigelegele kirefu karibu kabisa na maiki yangu. Pedali ikakinasa. Mapigo manane baadaye kikatoka kwenye spika. Wageni wakageuka. Kikatoka tena. Watu wakaanza kucheka, nami jasho likinitoka, mguu nimeshauinua nikifute.

Mama akaikodolea macho spika. "Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Basi ngoja nimjibu!"

Akamjibu. Nikanasa na jibu lake. Sasa kulikuwa na mama wawili wanabishana kwa vigelegele, na wa tatu, yule wa kweli, anacheza katikati yao. Nikaondoa gitaa lote. Wanawake wakaanza kupiga makofi. Nikayanasa, nikaviondoa vigelegele, nikaingiza rumba juu ya makofi matupu. Bibi harusi alipotokea mlangoni nikakata kila kitu, ukumbi ukanyamaza ghafla, kisha nikamrudisha mama yake peke yake, kigelegele kile cha kwanza. Ukumbi ulilipuka. Hata wapishi walitoka jikoni na miko mikononi.

Wimbo huo sikuwa nimeufanyia mazoezi, na sijui ulichukua muda gani. Najua tu kwamba kila nilipoanza kuuchoka, mtu alinipa kitu kipya: mluzi, kishindo cha miguu, kicheko cha mtoto.

Tulipokuwa bado tunahema, mama akanijia amemkamata mkono mama wa bwana harusi, ambaye alikuwa anajivutavuta nyuma kwa aibu.

"Mwanangu, na huyu naye anaingia humo?"

Nikamsogezea maiki.