Vifaranga vya Mwahija

Pale Tingi, mwenye kuku asiyetulia kwenye mayai alimpelekea Mwahija mayai hayo. Mayai ya kuatamiwa aliyachagua mwenyewe, akiyapima uzito kiganjani. Siku ya saba aliyashika moja moja mbele ya tundu la ukuta lililopitisha jua, aone kama ndani mna mishipa. Viza alivitenga. Watu walimsifu, kisha wakishampa kisogo walisema Mungu kamjalia vya kuku, vya kwake kamnyima. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kushika mimba. Pazi, mumewe, hakuyatia maneno hayo moyoni.

Mwaka ule Pazi alichapwa viboko katika shamba la pamba la Wadachi hata akawa halali chali. Habari ya maji ya kugeuza risasi kuwa matone ilipofika kutoka Umatumbi, aliondoka na wenzake. Asubuhi hiyo hiyo Mwahija alikuwa amemlaza koo mweusi juu ya mayai kumi na moja.

"Siku ngapi hizo?" Pazi akauliza.

"Ishirini na moja."

"Basi nitawahi kabla hawajatoka."

"Na maji hayo, umeyaamini?"

"Ninachojua, kwenye pamba ile sirudi."

Siku ya kumi na sita askari wakaingia Tingi. Walichoma ghala za mtama, wakakamata mbuzi na kuku. Mwahija alijibanza kwenye muhogo nyuma ya jiko, akamwona koo wake aking'olewa kiotani huku amejivimbisha manyoya. Askari alivunja yai moja, akakuta kifaranga, akatema mate na kuyaacha yaliyosalia. Walipogeuka, Mwahija aliyafunga yale kumi ndani ya kaniki, akajizungushia tumboni, ngozi kwa yai, akawakimbilia wenzake msituni.

Walikuwa watu kama ishirini, wakiongozwa na mzee Kibwana. Mwahija alilala ameketi, ameegemea mti. Asubuhi, adhuhuri na jioni aliyageuza mayai na kuyapangusa kwa kidole chenye maji. Chakula kilikuwa mizizi ya ming'oko, nayo haikutosha. Wifi yake Mastura, dada wa Pazi, alikuwa na mtoto mchanga, Mboni, na maziwa yalikuwa yanamkauka.

"Wifi, tuyachemshe," alimwambia siku ya kumi na tisa.

"Haya si mayai tena, wifi. Ni vifaranga. Kaka yako akirudi akute pa kuanzia."

Mastura akainama. Mwahija akamtazama usoni.

"Sema, wifi."

"Jana amepita mtu aliyekimbia kutoka huko. Kaka hayupo. Risasi zilikuwa risasi."

"Wamemzika?"

"Hapakuwa na wa kuzika. Wote walikimbia."

Mle msituni kulia kwa sauti kulikuwa mwiko, kwa kuwa askari walikuwa wakizunguka. Mwahija alitia ncha ya kaniki mdomoni, akaing'ata. Ilipofika saa ya kuyageuza mayai, aliyageuza.

Siku ya ishirini na moja alisikia kitu kinamgonga tumboni. Aliwahi kuwasikia wanawake wakieleza namna mtoto anavyogonga, naye alikuwa akiitikia tu. Sasa alikaa bila kujitikisa, mkono juu ya kaniki. Kufikia alasiri saba walikuwa wametoka, wamelowa, wanatweta. Watatu walifia ndani ya maganda. Watoto walimzunguka, na Mastura akacheka kwa mara ya kwanza tangu Tingi.

Siku mbili baadaye, jua limeshapanda, Kibwana aliinua mkono. Chini ya kilima palikuwa na njia, na njiani palikuwa na viatu vya askari, vingi. Watu wakalala kifudifudi. Mastura alimtia Mboni titi lisilo na kitu.

Vifaranga wakaanza kulia.

Mwahija alijua kifaranga akipata giza na joto hunyamaza. Akawafunika, akawakumbatia. Wawili wakatulia, watano wakazidi. Hakuna aliyemwambia neno, ila macho yote yalikuwa kwake. Akajikunja juu yao, magoti kifuani, akabana. Akazidi kubana. Aliwahisi wakipapatika palepale walipogongea.

Askari walipokwisha kupita, akafungua kaniki. Hakuna aliyekuwa anapumua.

"Umetuokoa, mwanangu," Kibwana alisema.

"Usiniambie hivyo, baba."

Wengine waliwatazama wale vifaranga kwa njaa, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Mwahija alichimba udongo kwa vidole, akawalaza mmoja mmoja, akafukia. Kisha akasema, "Baba, nisomee Fatiha. Si ya hawa. Ya mume wangu."

Kibwana akasimama juu ya kile kishimo, akafungua viganja, akasoma kwa sauti ya chini. Waliokuwapo wakaitikia amina.

Vita vilipotulia walirudi Tingi wakakuta majivu, na njaa iliyofuata iliwaua wengi, Kibwana akiwa mmoja wao. Mwahija na Mastura walijenga kibanda kimoja, wakalima pamoja. Kuku hakufuga tena. Mboni akakua, akatembea, akawa anamwita Mwahija mama kama alivyomwita mamaye. Mwahija alimlisha, akamsuka, akambeba mgongoni hadi shambani. Ila mtoto akianza kulia, Mwahija aliweka chini alichokishika, akatoka nje, akasimama mbali na mlango hadi mtoto anyamaze. Mastura hakumwuliza hata siku moja.