Jailos Kalinga na Kompyuta ya Kwaya

Jailos Kalinga hajawahi kumwambia mtu hapana. Muulize yeyote hapa Mlandege. Wabishi wa mpira wakigombana kibandani kwake, kila upande huondoka ukijua Kalinga ni wao. Mkewe Mkatoliki, yeye Mlutheri, na kwa kuogopa kuchagua anasali pote pawili: misa ya kwanza kwa mkewe, ibada ya pili kwetu, sadaka kidogo kidogo.

Kazi yake ni kutengeneza kompyuta. Kwaya yetu inayo moja, nzito kama tofali, na mwaka huu ilijaa virusi. Katibu wetu, aliyesoma chuo Mbeya, akataka iwekwe mfumo mwingine, Linux, eti huo hauugui. Mwalimu Sosthenes, anayetufundisha nyimbo, akasema Windows aliyoizoea ibaki. Hawezi kujifunza upya kuwasha mashine uzeeni. Wakapelekana kwa Kalinga. Ulitegemea aseme nini?

"Wote mna haki," alisema. "Naweka zote mbili."

Akaigawa nafasi ya ndani kama watu wanavyogawa jaruba la mpunga kule Madibira: tuta katikati, huku Windows na nyimbo zetu zote, kule Linux, mpya na tupu. Akaturudishia mbiombio bila maelezo, maana kulikuwa na mtu mwingine aliyeahidiwa saa hiyohiyo.

Upande wa Windows ndiko iliko sauti ya Tekla. Alikuwa mwimbishaji wetu, akafariki masika yaliyopita. Ameacha wimbo mmoja tu alioimba peke yake, na haupo kwingine popote. Mama yake, Bertha, hakuomba kitu kingine kwa siku ya kuweka msalaba kaburini: amsikie mwanaye.

Siku ilipofika, hakuna aliyekuwa ameiwasha bado, na Kalinga alikuwa Mbeya. Watu wa Mbeya nao walikuwa wameahidiwa.

Msalaba uliposimama tukarudi kwa Bertha, tukaketi uani. Sosthenes akawasha kompyuta, na mzee wa kanisa, Yotamu, akatuinamisha tuombe wakati mashine inapata moto. Sisi hatufungui hata soda bila sala, na sala ya Yotamu huanzia kwenye uumbaji. Tuliposema amina, kompyuta ilishafunguka yenyewe, rangi tusiyoijua, bila wimbo hata mmoja. Ikazimwa, ikawashwa, ikaombewa zaidi. Tupu vilevile. Katibu aliposukumwa autafute wimbo, kumbe Linux yenyewe aliijua kwa kusikia. Yeye na Sosthenes wakaanza kulaumiana kwa sauti ya msibani, ile ya meno yaliyobanwa. Bertha alikuwa anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua.

Nikampigia Kalinga. "Kamwene," akaitika kwa salamu ya kwetu, mchangamfu kama bwana harusi. Akasema wimbo upo palepale. Ukiwasha inatokea orodha, uchague Windows, na usipojibu upesi inaingia yenyewe Linux, kwa kuwa ndiyo mgeni, na mgeni hutangulizwa. Nikamwambia hatukuona orodha yoyote.

"Labda mlikuwa mnaangalia pembeni, dada."

Tulikuwa tunaangalia chini, kama Wakristo.

Yotamu alikuwa ameshainua mkono tena Bertha aliposema, "Kulikuwa na maandishi meupe. Kila mkiinama yanakuja, yanapita."

Mzee akamuuliza, kwa ule upole wa kukaripia, kama ina maana mama Tekla hafumbi macho kwenye sala.

"Sifumbi, mzee. Nilifumba tulipokuwa tunamwombea hospitali. Nilipofumbua alishaondoka."

Hakuna aliyeinama tena. Sosthenes akawasha, maandishi yakaja, akachagua. Tekla akaimba pale uani, na aliyekuwa wa kwanza kutafuta leso ni Yotamu.

Kalinga alirudi na mkungu wa ndizi wa kutuomba radhi. Sosthenes akataka Windows itangulie, katibu akataka Linux isishushwe. Akawaambia wote wana haki, kisha akaiondolea mashine haraka yake: sasa orodha inakaa palepale mpaka mtu aamue. Kalinga mwenyewe hajaigusa tangu siku hiyo.

Bertha huja mazoezini siku hizi, ingawa haimbi. Anakaa karibu na kompyuta. Sisi tukiinama, yeye anachagua.