Karatasi ya Kufunika Ua

Siku ile tulikuwa wanne: mimi niliyeacha shule wazazi walipofariki, wadogo zangu wawili, na jirani muuza viatu tuliyemwita Mama Mkubwa. Alitaka kadi za harusi ya binti yake, nami nikizitengeneza angemlipia mdogo wangu mmoja ada ya shule.

Muhuri wa ua niliuchonga kwenye ndala kuukuu. Ili ua la pili litokee nyuma ya la kwanza, la kwanza nililifunika kwa kipande kilichokatwa umbo lake, kisha nikagonga muhuri tena juu yake. Karatasi ya daftari ilikuwa nene, ikaacha mwanya mweupe kati ya maua; nailoni nayo iliteleza. Nikajaribu ile nyembamba ya kung'aa, ya ndani ya pakiti ya sigara.

“Humu ndani nani anavuta, mwanangu?”

“Ni za madereva wa malori, Mama Mkubwa. Sisi tunaokota pakiti tu.”

Akacheka. Maua yakakaa vizuri, bila mwanya.

Akawalipia wote wawili. Ada ya yule wa pili Mama Mkubwa bado ananidai.