Nilivunja zege siku tatu kabla ya gusaba kwa sababu ya klampu ya earth

Habari zenu wakuu. Hili limenitokea mwenyewe hapa Kigali, sikusimuliwa na mtu, na sehemu zinazoniaibisha sitaziruka.

Mimi ni fundi umeme, nimekulia Bujumbura.

Nilikuwa na kazi Kibagabaga kwa mjane mmoja, Mama Ineza. Jumamosi kwake kulikuwa na gusaba, yaani upande wa mwanaume wanakuja kumposa binti yake Ineza. Akataka uwanja wote umwagwe zege ili wageni wasikanyage vumbi.

Earth rod, ile fimbo inayopigiliwa ardhini ili umeme ukivuja uishie udongoni badala ya kumpiga mtu, ilikuwa kwenye kona ya uwanja. Nikafunga waya wa shaba kwa klampu, Kazungu mwashi akamwaga zege juu. Nikaenda zangu.

Jumanne nikaitwa Busanza. Dada mmoja karushwa na pasi, kaangukia meza, uso umevimba. Nyumba hiyo niliifunga umeme mimi, miaka mitatu nyuma.

Pasi ilikuwa mbovu, sawa. Lakini earth ndiyo ilitakiwa imuokoe.

Nikafukua. Klampu imeliwa, waya nikiugusa unacheza.

Wakuu, nikaitambua. Ni aina ileile niliyofukia kwa Mama Ineza: ya zinki, ya kufungia juu ya ardhi. Mafundi tunaichukua kwa mazoea, maana inaingia kwenye rod na inabana vizuri. Nani anauliza itaenda kukaa wapi?

Zinki ikigusana na shaba kwenye unyevu, zinki ndiyo inaliwa. Ya kufukia iwe ya shaba au bronze, bolt zake pia, ilingane na saizi ya rod na waya, na iwe imeandikwa kwamba inaruhusiwa kwenye udongo na kwenye zege.

Haya yote nilikuwa nayajua. Hapo ndipo panaponiuma.

Jumatano asubuhi niko getini Kibagabaga na nyundo. Kazungu akanivuta pembeni, eti ninyamaze tu, nani atajua? Nikamwambia aende Busanza akamuulize yule dada.

Mama Ineza alinifokea kweli. Namharibia siku ya mwanawe, nimetumwa na nani? Nikaomba radhi na sikuondoka. Mwisho akasema vunja, ila baada ya leo asinione tena kwake.

Nikavunja. Sasa mjue, klampu ikatoka inang'aa, mpya kama ya dukani. Kazungu akacheka mpaka akakaa chini.

Mama akaichukua, akaigeuzageuza.

"Umenivunjia uwanja kwa kitu hiki?"

"Mama, hiki kitakuwa kimekufa wakati mtoto wa Ineza anatambaa hapa."

Akaenda nayo nyuma ya nyumba. Akarudi na ndoo ya maji ya kuchanganyia zege, akaitua mbele ya Kazungu, akamwambia aache kucheka afanye kazi. Nikafunga klampu ya bronze, Kazungu akaziba kwa zege jipya.

Nilichojifunza: kabla hujaulizia klampu dukani, jua itakaa hewani, udongoni au ndani ya zege. Mimi nimeanza kuzirudia nyumba zote nilizofukia zile za zinki. Nne tayari, na sitaacha hata moja.

Mafundi wa humu, nyie mnafukia zipi? Na uliyewahi kurudi kuvunja kazi yako mwenyewe, hebu tuambie mwenye nyumba alikupokeaje.